Kasa na Haki ya Wajao

Makosa ya wanadamu yana umri mbalimbali. Yako makosa yaishiyo siku moja: mtoto hushika kaa la moto, akaungua, akalia, akajifunza. Yako yaishiyo msimu mmoja: mkulima huacha kupalilia shamba lake, akavuna magugu, akajuta. Lakini yako makosa mengine ambayo umri wake hupita umri wa mtendaji. Mtu huyatenda leo, akala faida yake, akazeeka katika heshima, akafa na kuliliwa. Kisha adhabu huja ikamdai mtu mwingine ambaye hakuwako wala hakushauriwa. Makosa ya namna mbili za kwanza yana mwalimu ndani yake, yaani maumivu. Makosa ya namna ya tatu hayana mwalimu ila akili na dhamiri.

Nataka, msomaji wangu, tulitazame pamoja swali moja juu ya makosa ya namna hii ya tatu. Swali lenyewe ni hili: Je, tuna wajibu gani kwa watu ambao hawajazaliwa bado, ambao hawawezi kutushukuru tukitenda mema wala kutushitaki tukitenda mabaya? Swali ni kubwa, na swali kubwa lisipofungwa katika kitu kinachoonekana huelea kama moshi. Basi tulifunge katika mgongo wa kasa, mnyama wa bahari yetu, tuone atatufikisha wapi.

Kasa ni jamaa ya kobe wa nchi kavu, lakini miguu yake imekuwa kama makasia, na makazi yake ni bahari. Duniani ziko aina 7 za kasa wa baharini, na 5 katika hizo huonekana katika maji ya Kenya. Kwanza yuko kasa wa kijani, ambaye hakuitwa hivyo kwa rangi ya gamba lake bali kwa rangi ya mafuta yaliyo chini ya gamba. Naye akiisha kukua hula nyasi za baharini kama ng'ombe alavyo nyasi za malisho. Pili yuko ng'amba, mwenye mdomo uliochongoka kama wa mwewe, ambao huutumia kuchokoa sifongo katika mianya ya matumbawe. Tatu yuko kasa mdogo mwenye rangi ya zeituni. Hawa watatu hutaga katika fukwe zetu. Wawili waliobaki, yaani kasa mwenye kichwa kikubwa na kasa mwenye mgongo wa ngozi, huja kutafuta chakula au hupita safarini. Huyu wa mwisho ndiye mkubwa kuliko wote; aweza kupita uzito wa kilo 500, na chakula chake ni yavuyavu, kiumbe yule laini aeleaye majini na kuwasha ngozi za waogaji.

Kasa hana matamvua kama samaki. Huvuta hewa kwa mapafu, kama wewe na mimi. Kwa hiyo anaswapo na wavu chini ya maji asiweze kupanda juu, hufa maji katika bahari iliyo nyumba yake mwenyewe. Nchi kavu ana haja nayo kwa jambo moja kubwa, nalo ni uzazi. Jike hupanda ufukweni usiku, akajikokota kwa shida juu ya mchanga, akachimba shimo kwa miguu ya nyuma, akataga kiasi cha mayai 100 au zaidi, akayafukia, akarudi majini. Hufanya hivyo mara kadhaa katika msimu mmoja, kisha hupumzika miaka miwili au zaidi kabla ya kutaga tena. Hayaatamii mayai yake, wala hawalei watoto wake. Mchanga ndio mama wa kuatamia, na jua ndilo moto wake.

Tena mchanga huo hufanya kazi moja ya ajabu. Jinsia ya kasa haiamuliwi siku ya kutungwa mimba; huamuliwa na joto la kiota. Penye nyuzi kama 29 za Selsiasi huzaliwa madume na majike kwa kiasi cha kukaribiana. Joto likizidi, majike huwa wengi. Likipungua, madume huwa wengi. Baada ya miezi miwili hivi vifaranga hupasua mayai, wakatoka mchangani pamoja, aghalabu usiku, wakatafuta upande wenye mwanga. Tangu kale upande huo ulikuwa bahari, kwa kuwa maji hurudisha nuru ya mwezi na nyota. Njiani wako kaa, na ndege wa pwani, na majini wako samaki. Wataalamu hukadiria kuwa katika vifaranga 1,000 ni mmoja tu, au wachache sana, wafikao utu uzima.

Mmoja huyo hana haraka. Huchukuliwa na mikondo ya bahari kuu kwa miaka mingi, kisha husogea penye maji machache kula na kukua. Kasa wa kijani huhitaji miaka ipatayo 20, na pengine hata 50, kabla ya kuweza kuzaa. Ndipo jike arudipo katika pwani ile ile alikozaliwa, hata kama malisho yake yako mbali kwa mamia ya maili. Imegunduliwa kuwa kasa hutambua nguvu ya sumaku ya dunia, nayo humwongoza kama dira imwongozavyo nahodha.

Kumbuka vema, msomaji, hiyo idadi ya miaka, kwani ndiyo kiini cha maneno yangu yote. Tufikiri juu ya ufuko mmoja wa mfano. Tuseme kila mwaka hupanda majike 100 kutaga pale, na tuseme kuwa tangu mwaka huu watu wanayachukua mayai yote pasipo kusaza hata moja. Je, mwaka ujao watapanda kasa wangapi? Watapanda kama 100. Na mwaka wa tano? Karibu hao hao. Na mwaka wa kumi? Bado watakuja, kwa sababu walio baharini walizaliwa zamani, na nyuma yao wako wadogo waliozaliwa kabla ya uharibifu, ambao kila mwaka baadhi yao hukomaa wakaziba nafasi za waliokufa. Mzee wa mahali pale ataweza kusema, "Mayai haya tumeyala miaka 20, na kasa bado wanakuja, wanaosema watakwisha ni waongo." Mzee huyo hatasema uongo. Atasema alichokiona. Lakini ufuko wake utakuwa kama mti uliokatwa mizizi, ambao majani yake yangali mabichi. Siku majani yatakapokauka, mwenye shoka hatakuwako.

Wahenga walisema kuwa majuto ni mjukuu, kwa maana kuwa majuto hayatangulii bali huja nyuma. Katika habari ya kasa methali hii si mfano tena, ni hesabu. Babu atakula, baba ataona dalili, na mjukuu, mtu hasa mwenye damu na mwili, ndiye atakayesimama ufukweni na kuuliza kasa walikwenda wapi.

Yafaa sasa tujue namna watu walivyomtumia kasa, ili tusiwahukumu kwa pupa. Matumizi yake katika pwani hii ni ya kale sana. Zaidi ya miaka 1,900 iliyopita, mfanyabiashara mmoja aliyeandika kwa Kiyunani alieleza bandari za bahari hii katika kitabu kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea, akataja magamba ya kasa miongoni mwa bidhaa zilizotoka pwani ya Afrika ya Mashariki. Wavuvi wa Wabajuni walikuwa na ufundi wa kuvulia kasa kwa chazo, samaki mwenye kinyonyeo kichwani: walimfunga kamba, wakamwachia, akaenda kujibandika katika gamba la kasa, nao wakavuta. Nyama ilikuwa kitoweo, mafuta yalikuwa dawa, na magamba ya ng'amba yalikuwa vitana, vikuku na masanduku. Watu hawa walitumia. Lakini walikuwa wachache, na vyombo vyao vilikuwa vidogo, na bahari iliweza kurudisha walichokichukua.

Hapa ndipo tunapoona tofauti ya kwanza katika maadili, nayo ni tofauti baina ya kutumia na kumaliza. Achumaye embe ametumia mwembe. Aukataye mwembe apate embe zake ameumaliza. Wote wawili wamekula embe, lakini hawakutenda tendo moja. Soko la dunia lilipoyataka magamba kwa meli nzima, na supu ya kasa ilipokuwa fahari katika karamu za London, na nyavu za nailoni zilipotandazwa maili kwa maili, mkono wa mwanadamu ulitoka katika kutumia ukaingia katika kumaliza. Ndipo mataifa yakakutana Washington mwaka 1973 yakaandika mkataba uitwao CITES, ambao leo hukataza biashara ya kasa wote wa baharini baina ya nchi na nchi. Katika Kenya, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inawalinda kasa, na amwuaye au auzaye sehemu ya mwili wake aweza kutozwa faini au kufungwa.

Lakini sheria ni woga uliowekwa katika maandishi, na woga si maadili. Yako pia maonyo ya namna nyingine. Nyama ya kasa mara nyingine huwa na sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Mwezi wa Machi mwaka 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kuila. Habari hii ni ya kusikitisha, nayo yatosha kumzuia mwenye busara. Hata hivyo swali letu halijajibiwa. Kama sumu isingekuwako, na askari asingekuwako, na giza la usiku lingekuwa kubwa, je, ingekuwa halali kummaliza kasa? Mtu ambaye jibu lake hutegemea askari hana jibu. Ana hadhari tu.

Tuwasikilize wale wasemao kuwa ni halali, kwa maana shauri lisilosikiliza upande wa pili ni ubishi.

Wa kwanza husema hivi: "Asili yenyewe huua vifaranga 999 katika 1,000. Mimi nikichukua mayai 100, nimewanyang'anya kaa na ndege chakula chao, basi." Maneno haya yanavutia, lakini hesabu yake ni mbovu. Wingi wa mayai si ziada iliyotupwa ufukweni iokotwe na apitaye. Ni ada ambayo kasa hulipa ili mmoja apite. Kaa wamekula tangu kale na kasa hawakwisha, kwa kuwa ada ilikwisha kupimwa kwa meno ya kaa. Haikupimwa kwa kikapu cha mtu. Tena amwuaye jike aliyekomaa amefanya jambo zito zaidi. Amemwua yule mmoja aliyepita mitihani yote kwa miaka 30, na badala yake haipatikani kwa chini ya miaka mingine 30.

Wa pili husema: "Watu wasiozaliwa si watu bado. Kisichokuwako hakina haki. Siwezi kuwa na deni kwa hewa." Hoja hii ni ya kifalsafa, nayo yastahili jibu la makini. Tuchukue mfano wa mtu achimbaye kisima karibu na njia ya watu, akakiacha bila kifuniko. Baada ya miaka 30 mtoto wa miaka 10 anatumbukia akafa. Siku kisima kilipochimbwa, mtoto huyo hakuwako. Miaka 20 ilikuwa bado kabla ya kuzaliwa kwake. Je, tutamwambia mama yake kuwa mchimbaji hana lawama, kwa kuwa siku ile marehemu hakuwa mtu? Hapana mwenye haya awezaye kusema hivyo. Mchimbaji hakumjua mtoto yule kwa jina, lakini alijua kuwa njia ni ya watu na kuwa watu watapita. Sisi pia hatuwajui wajao kwa majina, lakini twajua kuwa watakuja. Kutojua jina la mtu hakufuti haki yake. Tena sisi wenyewe tulikuwa wajao wa watu wengine. Minazi mingi tunayoiangua hatukuipanda, na lugha tunayosema hatukuitunga. Kama waliotutangulia wangalisema kuwa kisichokuwako hakina haki, tungalizaliwa katika jangwa.

Wa tatu ni mvuvi maskini, na hoja yake ndiyo nzito kuliko zote. Husema: "Mnaniambia habari za mjukuu wa mtu, na watoto wangu mimi wana njaa leo. Kasa ameingia mwenyewe katika jarife langu, amelichana, na mnataka nimwachie aende zake. Ninyi mmekula, mimi sijala." Msomaji wangu, usimjibu mtu huyu upesi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu ambaye njaa imemshika koo, akala kilichokuwa mkononi mwake, si mwovu, na kumwita mwovu ni kuongeza dhuluma juu ya umaskini. Jibu lake halimo katika hotuba. Limo katika kuuliza swali la pili: Je, mzigo wa kuwalinda kasa umegawanywa kwa haki?

Tukitazama kwa haki tutaona kuwa mvuvi wa mtumbwi siye peke yake awaharibuye kasa, na mara nyingi siye mkubwa wao. Meli ivutayo wavu wa kukokota kwa ajili ya kamba wa baharini yaweza kunasa kasa na kuwafisha maji, ingawa vipo vyuma vya kupachika wavuni vyenye tundu la kutokea, ambavyo kamba hupita na kasa huokoka. Mwenye hoteli au nyumba ya fahari awashaye taa kali zielekezwazo ufukweni huwapoteza vifaranga. Huona mwanga wa bara, wakaufuata wakidhani ni bahari, na jua likawakuta wamekauka barazani. Ajengaye ukuta wa mawe mbele ya kiwanja chake humfungia jike mahali pa kutaga. Nao moshi wa viwanda na magari ya nchi tajiri, ambazo hazina hata yai moja la kasa wetu, umeongeza joto la dunia, na joto la dunia huingia mchangani. Mwaka 2018 wataalamu walitangaza kuwa katika kasa wachanga wa kijani waliotoka fukwe za kaskazini za Mwamba Mkubwa wa Australia, zaidi ya 99 katika kila 100 walikuwa majike. Hapo hapakuwa na mwizi wa mayai. Palikuwa na joto tu.

Basi si haki kumwendea mwenye mtumbwi kwa pingu na kumwendea mwenye hoteli kwa salamu. Anayetaka maskini ajinyime kwa ajili ya wajao lazima naye ajinyime kitu: taa yake, ukuta wake, au fedha yake. Maadili yanayodaiwa kwa mnyonge tu si maadili, ni kodi.

Uko mfano mmoja katika pwani yetu uliojaribu kuutatua ugumu huu. Huko Watamu, tangu mwaka 1997, limekuwako shirika la kuhifadhi kasa ambalo leo huitwa Local Ocean Conservation. Mvuvi akinasa kasa kwa bahati mbaya huwapa habari. Wao huenda, wakampima kasa, wakamtia alama, wakamtibu akiwa mgonjwa, wakamrudisha baharini. Na mvuvi hupewa fedha kidogo. Maelfu ya kasa wameokolewa kwa njia hii. Wako waulizao kama fedha hiyo si rushwa, na kama mtu alipwaye kwa wema ametenda wema. Swali ni zuri. Kwa maoni yangu jibu lake ni hili: fedha ile si bei ya wema, kwa kuwa ni chache kuliko faida ambayo kasa angeleta akiuzwa kwa siri. Ni fidia ya muda uliopotea na uzi uliokatika. Wema wa mvuvi umo katika ile tofauti baina ya alichopata na alichoweza kupata. Na tofauti hiyo ameitoa yeye mwenyewe, kutoka katika mfuko mtupu. Kama tukiwataja watu wakarimu wa nchi yetu, tusiwasahau hao.

Pengine utauliza, msomaji, kama kuna faida yoyote ya juhudi hizi, au kama ni kuchota bahari kwa kata. Hapa nina habari njema za kweli. Katika miaka ya 1950 mtaalamu mmoja wa Marekani, Archie Carr, alianza kuwachunguza kasa wa kijani katika ufuko wa Tortuguero, nchi ya Kosta Rika, wakati walipokuwa wakichinjwa kwa wingi. Alifanya kazi, akaandika, akasihi, akafundisha wengine. Alikufa mwaka 1987. Kifaranga aliyemwona akiingia baharini mwanzoni mwa kazi yake huenda ndiyo kwanza akomae siku mwalimu alipozikwa. Leo Tortuguero ni moja ya fukwe kubwa za kasa wa kijani duniani. Karibu nasi zaidi, katika kisiwa cha Aldabra cha nchi ya Shelisheli, uwindaji wa kasa ulipigwa marufuku mwaka 1968. Wakati ule viota vya mwaka mmoja vilikadiriwa kuwa 2,000 hadi 3,000. Katika miaka ya karibuni vimepita 15,000. Mwaka huo huo wa 1968 Kenya ilitenga hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, na mwaka 1979 ikatenga hifadhi ya Kiunga. Na mwezi wa Oktoba mwaka 2025, shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimwondoa kasa wa kijani katika daraja la viumbe walio hatarini, kwa kuwa hesabu yake katika dunia kwa jumla imeongezeka.

Habari hizi tuzipokee kwa furaha na kwa akili. Si kila pwani iliyopata ongezeko hilo, na kasa wa kijani wangali wachache kuliko walivyokuwa kabla ya karne za biashara kubwa. Ng'amba naye bado yumo katika daraja la hatari kubwa kabisa. Hata hivyo jambo moja limethibitika: kama uovu wa jana huweza kumfikia mjukuu, wema wa jana nao humfikia. Kasa wanaopanda Aldabra leo ni zawadi ya watu waliojizuia mwaka 1968, ambao wengi wao wamekwisha kufa. Walipanda wasichovuna. Nao hawakuwa wapumbavu, maana mtu hatendi mema kwa ajili ya mavuno peke yake. Hutenda pia kwa sababu hapendi kuwa mtu wa namna nyingine.

Jambo la mwisho ni juu ya umiliki. Mara nyingi tunasema kuwa bahari ni ya wote, na mtu husikia katika neno hilo ruhusa ya kuchukua. Lakini kitu cha wote hakiwi cha wote waliopo tu. Wamo humo na waliopita na wajao. Kasa azaliwaye katika pwani moja hula katika nchi ya pili na hupita katika maji ya nchi ya tatu. Hakuna serikali wala kabila liwezalo kusema, "Huyu ni wangu." Kitu cha namna hiyo katika lugha yetu kina jina lake: ni amana. Mwenye kuwekewa amana huweza kuitumia kwa ruhusa, lakini hana ruhusa ya kuipoteza; na uaminifu wake haupimwi siku apokeapo, bali siku arudishapo.

Nawe, msomaji kijana, usidhani kuwa habari hii ni ya watu wa pwani peke yao. Labda wasoma insha hii Nairobi au Machakos, na bahari hujaiona. Lakini mto Nairobi huingia katika mto Athi, na Athi hugeuka jina ukawa Galana, kisha Sabaki, ukaingia baharini karibu na Malindi. Mfuko wa plastiki utupwao mtaroni waweza kufika huko, ukaelea majini kama yavuyavu, na kasa akaumeza kwa kudhani ni chakula. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya kubebea ya plastiki mwezi wa Agosti mwaka 2017, lakini chupa na karatasi za nailoni bado tunazo, na mitaro bado tunayo. Kama wewe ni mwana wa mvuvi, wajua zaidi yangu la kufanya, na nakuomba uwafundishe wengine. Kama siku moja utakuwa mwenye hoteli, kumbuka taa. Kama utakuwa mtunga sheria, kumbuka mwenye mtumbwi kabla ya kuandika adhabu.

Kifaranga atakayetoka mchangani mwaka huu, akiwa jike na akijaliwa kuishi, atarudi kutaga wakati wewe una watoto wa umri wako wa leo. Hatakujua, wala hatakushukuru. Watoto wako nao watamwona kuwa kitu cha kawaida, kama tuonavyo vitu vyote tulivyotunziwa na wengine. Usihuzunike kwa hilo. Deni la wajao hulipwa hivyo: mlipaji hapewi stakabadhi, na anayelipwa hajui kuwa alikuwa akidai.